Akili inapotangatanga, jiko lisilale

NI saa moja kasorobo jioni. Matatu kutoka Nairobi zinateremsha abiria mjini Kitengela, kando ya barabara kuu iendayo Namanga, na kila anayeshuka ana njaa na uchovu wake. Akina mama mboga wamewasha taa zao. Muuza chipsi naye amekwisha kujaza kisanduku chake cha kioo. Katika umati huo hakosi mtu ambaye Jumapili alinunua kilo mbili za maharagwe, fungu la nyanya na kabichi nzima, akajiapiza kuwa wiki hii hatakula cha kununua njiani. Leo ni Jumatano. Maharagwe yangali katika mfuko, nyanya zimeanza kutoa maji, na yeye yuko mbele ya kioo cha chipsi akipapasa mfukoni kutafuta simu ya kulipia.

Jirani akimwona atasema ni mvivu. Kama ni mke wa mtu, mama mkwe atasema hakufunzwa kwao. Mwenyewe atajiita mjinga, na huenda Jumapili ijayo akaanza upya kwa daftari jipya na ratiba nyingine ya mlo iliyopigiwa mistari kwa rula. Tusidanganyane: wapo ambao lawama hiyo inawafaa. Lakini wapo wengine waliolaumiwa tangu shule ya msingi kwa jambo ambalo si tabia bali ni maumbile ya ubongo. Madaktari huiita hali hiyo ADHD. Mwenye nayo hushindwa kuelekeza makini yake pale anapotaka, au hawezi kutulia, au hutenda kabla ya kufikiri. Baadhi yao wana yote matatu.

Si mtindo wa juzi. Daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake jijini London juu ya watoto wa aina hii mwaka wa 1902. Kwa miaka mingi iliyofuata ilidhaniwa kuwa ni shida ya wavulana watukutu wasioketi darasani. Ni mwaka wa 1980 ambapo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulikubali kwamba mtu anaweza kuwa na tatizo hili huku ameketi tuli kitini, mwili uko darasani na mawazo yako Loitokitok. Ndiyo sababu wasichana wengi walipitwa, na sasa ni akina mama wenye nyumba zao wasiojua kinachowasumbua. Inakadiriwa kuwa duniani watoto 5 hivi kati ya 100 wana hali hii, na watu wazima 2 au 3 kati ya 100. Aidha, ni jambo linalorithiwa sana. Kwa kadirio hilo, mji kama Kitengela, ambao katika sensa ya mwaka wa 2019 ulikuwa na zaidi ya watu 150,000, hauwezi kukosa watu wa namna hii kwa maelfu.

Kwa nini jikoni?

Hebu hesabu hatua za sufuria moja ya githeri. Ukumbuke usiku kuloweka. Uwe na maji, na wakazi wa Kitengela wanajua kwamba maji huja kwa lori au kwa mkokoteni wa punda, wala si kila siku. Ujue kama gesi itatosha. Uanze mapema, ukae karibu na jiko saa mbili nzima bila kuvutwa na jambo jingine, ukumbuke kuongeza maji, uzime moto, usubiri kipoe, ugawe, uhifadhi, na kesho yake ukumbuke kwamba kimo. Hatua hizi ni nyingi, zinachosha, na hakuna hata moja inayoleta tamu yake papo hapo.

Ubongo wenye ADHD unasumbuliwa na mambo hayo hasa. Kile kijaluba cha akilini ambamo mtu huweka mambo mawili matatu anayoyafanya kwa sasa hujaa upesi na kumwagika. Hisia ya wakati nayo ni dhaifu: kuna "sasa" na kuna "si sasa", na maharagwe ya kesho yako upande wa pili. Isitoshe, ubongo huo huamshwa na jambo jipya au la dharura. Kupanga mlo siku ya Jumapili ni jambo jipya, kwa hiyo linapendeza. Kuufuata mpango ule ule Jumatano si jipya wala si dharura, mpaka njaa iwe dharura, na hapo muuza chipsi ndiye aliye karibu.

Kumwambia mtu kama huyo "jitahidi" ni kama kumwambia asiyeona mbali akaze macho. Anachohitaji ni miwani. Kwa habari ya chakula, miwani hiyo ni kuyatoa mambo kichwani na kuyaweka katika vitu: kapu, mkebe, kengele, mazoea ya njiani, mtu wa pili. Mpango wowote ambao utavunjika siku utakayosahau haufai, kwa sababu kusahau utasahau.

Bei nafuu iliyo ghali

Ushauri ambao sote tumeusikia ni kununua kwa jumla. Nenda sokoni mwisho wa mwezi, nunua gunia, nunua kreti, bei itashuka. Kwa mtu mwenye kumbukumbu ya kawaida ushauri huo ni mzuri. Kwa mwenye ADHD ni nusu mzuri, na nusu ya pili ndiyo inayomfilisi.

Chukulia kabichi ya shilingi 60. Ukila nusu na nusu ikaozea chini ya meza, umeilipia kama kabichi ya shilingi 120. Sukuma wiki ya shilingi 20 uliyokatiwa kibandani na kuliwa usiku ule ule imekugharimu shilingi 20, basi. Wataalamu wa uchumi hupenda kuusikitikia ule uchumi wa "kadogo", yaani kununua mafuta ya kupimiwa, unga wa nusu kilo na sabuni ya kipande, kwamba akina yahe hulipa zaidi kwa kila kipimo. Ni kweli. Hata hivyo hesabu yao haitii ndani kile kinachooza.

Kwa hiyo gawa ununuzi mara mbili. Vikavu nunua kwa wingi kadiri mfuko unavyoruhusu: mchele, ndengu, kamande, maharagwe, unga, chumvi, majani ya chai. Vibichi nunua vya siku moja au mbili, hata kama bei ya fungu kubwa inakuvuta. Anayekumbuka mwaka wa 2022, pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilipopita shilingi 200, anajua thamani ya kuwa na akiba kavu nyumbani. Ila akiba ya mahindi iwe kavu kweli, iwekwe mahali pasipo unyevu, na mahindi yenye ukungu yatupwe bila huruma. Mwaka wa 2004 sumu ya ukungu huo iliwaua watu 125 nchini, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui.

Mama mboga mwenyewe ni msaidizi mkubwa kuliko vyombo vingi vya dukani. Ukimwambia, "Mama, nikatie ya ishirini na uniwekee kitunguu na nyanya mbili," amekuondolea hatua nne: kuchagua, kuosha, kukata na kufikiri. Kuna pia wanaouza githeri na maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa, yakipimwa kwa kikombe. Wengine huona haya kuyanunua, eti ni ya makapera. Mimi naona ni haya isiyo na faida. Kikombe hicho ni ghali kuliko cha kujichemshia, lakini ni nafuu kuliko chipsi na kuku, na huko ndiko ungeishia.

Maharagwe, magadi na kapu

Kwa mwenye nafasi ya kuchemsha mwenyewe, siku moja kwa wiki yatosha. Loweka usiku, mwaga maji ya kulowekea, chemsha kwa maji mapya. Maharagwe mekundu yasipochemka barabara huwa na sumu inayotapisha na kuharisha, basi yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kamili, hata ukiwa na haraka gani. Ndengu na kamande hazihitaji kulowekwa na huiva upesi, kwa hiyo ndizo za kuweka mbele kwa mtu anayejua kwamba kuloweka kutamponyoka.

Kitengela ina shida yake ya ziada. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvichumvi, na maji magumu hukawiza maharagwe kuiva. Gesi inakwisha na maharagwe yangali yanalia kama kokoto. Wapishi wa Kajiado wanayo dawa ya jadi, nayo ni magadi, itokayo Ziwa Magadi katika kaunti hii hii. Chembe kidogo tu hulainisha. Ikizidi, chakula huwa na ladha ya sabuni na vitamini B1 huharibika, na mwenye shinikizo la damu afadhali aiache kwa kuwa ni sodiamu. Kama umepata maji ya mvua, yaweke kwa kazi hii badala ya kufulia.

Lakini kifaa ambacho ningempa kila mwenye ADHD, kama ningekuwa na uwezo, ni kapu la kupikia bila moto. Ni kapu la kawaida au katoni iliyosheheni vitambaa, blanketi kuukuu au pamba, lenye nafasi ya sufuria katikati na mto wa kufunika juu. Vikundi vya akina mama vimefunzana kulitengeneza kwa miaka mingi kwa ajili ya kuokoa makaa. Faida yake hapa ni nyingine. Maharagwe yaliyolowekwa huchemshwa kwa nguvu nusu saa, sufuria ikafunikwa vizuri na kuingizwa kapuni ikiwa ingali inatokota, ikaachwa saa kadhaa. Humo ndani hayaungui. Ukisahau, ukapitiwa na usingizi au ukavutwa na simu, hakuna moshi wala jirani anayegonga mlango. Ukiyatoa, yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kula, wala usiyaache kapuni hadi yawe vuguvugu, kwani hapo viini huzaana.

Anayechemsha kwenye gesi bila kapu asitegemee kichwa. Atie kengele ya simu kila baada ya dakika 20, na simu iwekwe mbali na kochi ili kuizima iwe lazima kusimama.

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Mwenye friji agawe katika mikebe midogo, ya siku tatu au nne, na inayozidi hapo igandishwe. Mikebe iwe ya kuonyesha kilicho ndani na iwekwe usawa wa macho. Ile droo ya chini ya friji, inayoitwa ya mboga, kwa watu hawa ni kaburi la mboga. Kisichoonekana kwao hakipo. Ukiweza, weka matunda na mboga katika rafu ya juu na soda kule chini, uone kitakachosahauliwa. Asiye na friji achemshe cha siku moja tu, au anunue cha kikombe.

Ratiba isiyochosha

Ratiba za milo 21 ya wiki, kila siku na chakula chake, zinapendeza kuandikwa. Zifutilie mbali. Chagua milo mitatu ya jioni ambayo nyumba yako hailalamikii, izunguke wiki nzima, na ladha ndiyo ibadilike: ndengu leo kwa nazi, keshokutwa kwa bizari na dania. Ugali na sukuma si lazima uamuliwe na kikao. Halafu uwe na mlo mmoja wa dharura, usiozidi dakika 15, ambao vitu vyake haviishi nyumbani: mayai na ugali, au omena wa kukaanga na nyanya. Mlo huo si aibu. Umewekwa hapo kushindana na chipsi, na mara nyingi utashinda kwa sababu ya bei.

Mtaalamu wa saikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba nia ya jumla, kama "nitapika nyumbani", ina nguvu ndogo kuliko nia iliyofungwa na mahali na wakati: "ikitokea hivi, nitafanya vile". Mwaka wa 2008 yeye na Caterina Gawrilow walichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wenye ADHD, ambao nao walisaidika kujizuia walipopewa mpango wa namna hiyo. Basi kwa mkazi wa Kitengela nia haiwi "nitapunguza kula nje". Inakuwa: "Nikishuka kwenye matatu, nitavuka nipite kwa mama mboga kabla sijafika kwa chipsi." Au: "Taarifa ya habari ya Jumamosi usiku ikianza, naloweka." Bandika neno hilo kwenye mlango wa jiko. Baada ya wiki tatu hivi jicho litalizoea na halitaliona tena. Libadilishe rangi au mahali, kwani vibandiko navyo huchakaa machoni kabla ya kuchakaa ukutani.

Njia nyingine ni mtu wa pili. Wengi wenye hali hii hufanya kazi vizuri mno mtu mwingine akiwapo, hata kama hasaidii, ameketi tu akisimulia. Jirani mlete na maharagwe yake, mchemshe pamoja. Wanafunzi wa vyuo wanaopanga vyumba huku kwa kodi nafuu wana bahati hapa: wanne wakichanga na kuchemsha sufuria moja kubwa, anayesahau hukumbushwa na njaa ya wenzake. Hata chama kinaweza kununua mchele na ndengu kwa jumla na kugawana, na hapo bei ya jumla inapatikana bila gunia kukaa chumbani kwa mtu mmoja.

Kuhusu pesa, simu ni rafiki na adui. Tangu Januari 2019 Fuliza imewezesha kulipa hata akaunti ikiwa tupu, na kwa mtu anayetenda kabla ya kufikiri hiyo ni mlango usio na kitasa. Asiyejiamini aiondoe. Upande wa pili, taarifa ya M-Pesa ya mwezi haisahau. Pitia mara moja tu, jumlisha malipo yote ya chakula cha njiani, na uone ni debe ngapi za maharagwe. Pesa ya vikavu nayo itolewe siku ile ile mshahara unapoingia, kabla mwezi "haujapiga kona".

Ukianguka wiki nzima

Itatokea. Mtoto ataugua, maji yatakatika, au utachoka tu, na siku saba zitapita bila sufuria ya maharagwe kutoka kabatini. Wengi hapa ndipo huacha kabisa, au hungoja mwanzo wa mwezi ili "waanze upya vizuri". Usingoje. Rudi kwa mlo unaofuata, na urudi kwa ule mdogo kabisa, yaani ule wa dharura. Ambaye mwezi huu amepika siku 14 kati ya 30, na mwezi uliopita alipika 6, amepiga hatua, hata kama hakuna wiki moja iliyokamilika. Mume au mke anayeishi na mtu wa namna hii atasaidia zaidi akichukua kazi moja iwe yake moja kwa moja, mathalani kuloweka, kuliko akikumbusha kumi kila jioni. Kukumbushwa kila siku hugeuka kuwa ugomvi, na ugomvi wa chakula nyumbani huonekana na watoto.

Si kila anayesahau sufuria ana ADHD. Usingizi haba, upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo na huzuni ya muda mrefu huleta usahaulifu unaofanana. Daktari atauliza kuhusu utotoni, kwa sababu dalili za ADHD huwa zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12. Ripoti za zamani za shule, zenye yale maneno ya "anaweza kufanya vyema akizingatia", zinaweza kumsaidia. Anza katika hospitali ya umma iliyo karibu, uombe barua ya kwenda kliniki ya afya ya akili. Hospitali za Mathari na Kenyatta jijini Nairobi zinazo. Wazazi nao huuliza kuhusu sukari. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa Marekani mwaka wa 1995 haukuona kwamba sukari huwatibua watoto. Ipunguzwe kwa ajili ya meno na kitambi, isisingiziwe mengine.

Mtoto au mtu mzima aliyeandikiwa dawa za hali hii aghalabu hupoteza hamu ya kula mchana, kisha njaa humrudia jioni kwa kishindo. Kiamshakinywa kizito, uji wa wimbi na mayai kwa mfano, kiliwe kabla ya kidonge. Cha mchana kiwe kidogo na cha kubeba, ndizi au karanga. Sahani ya usiku isiwe ya kutafutwa: mkebe mmoja wa ndengu uachwe mbele kabisa katika friji, upashwe moto hadi utokote, apate kula hata kama ni saa tatu na wenzake wamekwisha kulala.